Kanda ya Nassor Iliyofika Ole Bila Sauti

Nawaonea wivu nyinyi vijana mnaotengeneza simu, siwafichi. Mnafungua simu kwa kijembe cha plastiki, mnaiunganisha na kompyuta, kompyuta inawaambieni ugonjwa uko wapi. Mimi Asya, niliyekuwa fundi wa televisheni Chake Chake mpaka macho yaliponikatalia, nilikuwa nautafuta ugonjwa kwa masikio, kwa pua, na mara nyingine kwa kulipiga kofi lile sanduku ubavuni. Msicheke. Kofi lilitibu televisheni nyingi Pemba hii.

Lakini pia msinihurumie. Mimi niliishi ule wakati televisheni ilipoacha kuwa koili na kuwa hesabu, na siku ilipobadilika nilikuwapo, mikono yangu imo ndani. Nikiikumbuka siku ile mpaka leo nasisimka. Ndiyo ninayotaka kuwasimulia, pamoja na kosa langu, kwa sababu viwili hivi haviachani.

Aliyenifunza kazi ni Bwana Ramnik, Mhindi aliyezaliwa palepale Chake. Mbele alikuwa na duka la nguo, nyuma ana meza ya ufundi. Hakunichukua kwa huruma. Televisheni za watu zilikuwa zinakaa vyumba vya ndani, na mchana wanaume hawapo nyumbani. Fundi mwanamume akipiga hodi huambiwa arudi jioni. Mimi nikipiga hodi naambiwa karibu, na chai na mkate wa ufuta juu. Mzee yule aliliona hilo kabla ya mtu mwengine yeyote kuliona.

Wiki yangu ya kwanza alinipa televisheni iliyokuwa na picha ya ukungu, akaniambia nirekebishe koili, kile kizingo cha waya kinachochagua mawimbi, chenye kiini cha kuzungusha. Nikachukua bisibisi ya chuma. Nazungusha kidogo, picha inakuwa safi kabisa. Naitoa bisibisi, ukungu umerudi. Nazungusha tena, safi. Natoa, ukungu. Nilifanya hivyo asubuhi nzima, jasho linanitoka, na yeye amekaa anakula chapati zake ananitazama.

Alipomaliza kula akasema, "Asya, weye watengeneza bisibisi, si televisheni."

Chuma kikiikaribia koili mawimbi yanahama. Unajiona umefaulu, kumbe kinachofanya kazi ni kile chuma ulichoshika. Vijiti vya plastiki vya kazi ile havikuwa vikipatikana huku, kwa hiyo akanionesha kuchonga cha mwanzi. Mimi baadaye nilichonga changu cha mti wa mkarafuu. Ni mgumu, haupasuki, na ikiyeyushwa risasi ya kuungia waya karibu yake meza nzima inanukia. Wateja walidhani natia dawa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye shughuli yote. Wakati ule kila nchi ilikuwa na desturi yake ya kupeleka picha hewani. Rangi ilikuwa na mpango wake, na sauti ilikuwa na mahali pake, juu kidogo ya picha. Kituo cha Unguja kiliiweka sauti megahezi sita juu ya picha. Nchi za Ghuba, na ndugu zetu wa upande wa Mombasa ambao mawimbi yao yalikuwa yanatufikia hewa ikiwa nzuri, waliiweka tano na nusu. Wajapani walikuwa na mpango mwengine kabisa, wa rangi na wa sauti. Na televisheni ya zamani ilikuwa na sikio moja tu, limefungwa kiwandani. Ukiipa sauti iliyokaa nusu hatua pembeni haisikii kitu. Inavuma tu, kama jiko la mafuta.

Na Pemba hii, Mungu aibariki, ilikuwa na televisheni za kila desturi. Huyu kaletewa na kaka yake kutoka Dubai, yule kaletewa na mjomba kutoka Uingereza, mwengine kainunua kwa baharia hata hajui imetoka wapi. Nilikuwa mara nyingi namaliza siku nzima nikihamisha masikio ya televisheni kwa kijiti changu cha mkarafuu.

Juu ya hayo, vyama vingi ndio kwanza vimeingia. Waliozaliwa juzi hawawezi kuielewa hali ile. Watu wa baraza hii hawanunui mchele kwenye duka la wale. Mzee mmoja aliniletea televisheni nzima, haina ugonjwa, akaniambia, "Fundi, nataka unitolee huyu bwana anayesoma habari. N'bakishie mpira na taarabu."

Nikamwambia, "Mzee wangu, huyo hatoki."

Akafikiri. "Basi mpunguze."

Nikampunguzia mwangaza kidogo, akaenda zake ameridhika. Lakini si kila kitu cha miaka ile kilikuwa cha kuchekesha. Kila kilichoharibika, watu walikitafutia mkono wa mtu nyuma yake. Umeme ukikatika, wamekata. Barua ikichelewa, wameisoma. Na hapo ndipo ninapoingia kwa Bi Raya.

Bi Raya alikuwa anakaa Ole, katika nyumba ya mawe ya wakwe zake. Watu wa asili ya Kiarabu, zamani walikuwa na mashamba makubwa ya mikarafuu, wakati nilipomjua mimi walikuwa wamebaki na miti ya kuhesabika na muhogo. Mumewe alishafariki. Alikuwa na mtoto mmoja, Nassor, aliyekwenda Maskati kufanya kazi dukani. Siku moja msafiri akamletea boksi kutoka kwa Nassor. Ndani mna deki ya video na kanda moja. Bi Raya hasomi barua za herufi za kizungu, anasoma Kiarabu tu, na Nassor Kiarabu cha kuandika kilimpiga chenga tangu chuoni. Kwa hiyo alijirekodi akizungumza.

Wakaiunga deki kwenye televisheni ya marehemu, ile iliyonunuliwa Unguja zamani rangi zilipoingia. Waya mmoja, kutoka deki kwenda tundu la antena. Nassor akatokea. Hana rangi, mweusi na mweupe, anarukaruka kidogo. Mdomo unatembea. Sauti hakuna.

Nikaitwa. Nilifika nimejaa kiburi, maana nilikuwa nimeshakuwa Fundi Asya, najulikana mpaka Konde. Nikaitia antena: kituo cha Unguja kinasikika vizuri. Televisheni nzima. Nikaifungua deki: mkanda wake wa mota mzuri, kichwa nikakisafisha kwa spiriti, picha imetulia. Deki nzima. Nikakaa chini nikajifuta mikono.

"Bi Raya," nikamwambia, "vyombo vyote vizima. Kanda ndiyo haina sauti."

Jirani yake mmoja aliyekuwa mlangoni akadakia palepale. "Si nlisema? Wameifuta bandarini. Kanda yatoka Maskati, yaja Pemba, wataacha kuisikiliza?"

Nilinyamaza. Na maneno ya fundi, pamoja na kunyamaza kwake, yakawa ushahidi. Mpaka Alasiri Ole nzima ilishajua kuwa sauti ya Nassor imezuiliwa. Watu wakawa wanakuja kuitazama kanda na kumsoma midomo. Katikati ya kanda Nassor alikuwa anainua kitambaa kirefu cheupe, anakionesha mbele ya kamera, kisha anainamisha kichwa. Mmoja akasema ni sanda, anaaga, anaumwa. Mwengine akasema katiwa ndani, hiyo ni shuka ya jela. Bi Raya alikuwa anawasikiliza wote na usiku halali.

Akaogopa kumuuliza mwanawe neno lolote. Aliona kama amesema jambo mpaka wakamfuta sauti, basi mama mtu akiuliza atamzidishia balaa. Kwa hiyo msafiri akipatikana alikuwa anampa maneno haya tu: "Mwambie mzigo umefika, tunashukuru, sote wazima." Miezi minane, maneno yale yale.

Sasa njooni kwenye meza ya Bwana Ramnik. Miezi minane imepita, mfanyabiashara wa Konde analeta televisheni mpya kutoka Dubai. Kubwa, nyeusi, nzito kama gunia la karafuu. Imekufa kabisa, haiwaki. Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo, risasi imepasuka kwenye sehemu ya umeme, saa moja nikawa nimemaliza. Nikaitia antena kuijaribu. Unguja: picha, sauti. Vizuri. Nikatafuta upande wa Mombasa, na hewa siku ile ilikuwa nzuri: picha, sauti.

Nikasimama. Nikarudi Unguja. Sauti. Mombasa. Sauti. Sijagusa koili! Kijiti changu kiko mezani!

"Bwana Ramnik!" nikapiga kelele, mpaka mteja wa khanga kule mbele akashtuka. "Njoo uone, hii ina masikio yote!"

Akaja amevaa miwani yake ya kamba. Tukaifungua mgongo tena. Nikatafuta zile koili za rangi na za sauti ninazozijua, hazipo. Mahali pake kuna ubao mmoja na chipu nne tano, miguu yake midogo kama ya tandu. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya mchoro, akaikunjua juu ya majora ya kitambaa, akawa ananifuatishia kwa kidole.

"Tazama, Asya. Mawimbi yaingia hapa. Hapa yapimwa. Mara mamilioni kwa sekunde moja, na kila kipimo chawa namba. Kutoka hapa hakuna mawimbi tena, ni namba tupu."

"Na kuchuja?"

"Kuchuja ni hesabu. Yazidisha, yajumlisha. Ikitaka sikio la sita, yatumia namba hizi. Ikitaka la tano na nusu, yabadilisha namba, basi. Na rangi vilevile. Yajaribu mpango huu, ukikataa yajaribu ule, mpaka rangi zitulie."

Wanangu, sijui niwaelezeje. Miaka yote ile nimekuwa nikichonga vijiti, nikivunja viini vya koili, nikilia kwa ajili ya nusu megahezi, na hapa kuna kitu kinachojibadilisha sikio kwa kuzidisha na kujumlisha! Nilicheka peke yangu. Nilitaka kila mtu wa Chake aje aone. Bwana Ramnik, mtu mzima aliyeanza kazi kwenye redio za valvu, alikuwa anapiga makofi ya taratibu kama yuko arusini.

Na palepale, bado nacheka, nikamwona Nassor na mdomo wake unaotembea.

Deki ile imetoka Maskati. Deki inapopeleka picha kwa waya wa antena, ndani yake mna kituo kidogo cha televisheni, na kituo kile kinafuata desturi ya kwao. Tano na nusu. Televisheni ya Bi Raya ni ya Unguja. Sita. Sauti ilikuwepo siku zote. Ilikuwa inafika Ole ikiwa kamili, inasimama nusu hatua pembeni ya sikio, na mimi fundi nikasema haipo. Nyuma ya deki ile kulikuwa na vitundu viwili vya kutolea sauti, ningechomeka spika ya redio tu ningeisikia. Au ningebeba kanda nyengine kutoka dukani, tukaijaribu, nayo ingenyamaza, na ningeshtuka. Kanda zilikuwepo rafu nzima. Sikubeba hata moja.

Nikamwambia Bwana Ramnik. Aliivua miwani yake, akaifuta kwa shati, akasema, "Televisheni hii si ya Konde?"

"Ya Konde."

"Na kwenda Konde si twapitia Ole?"

Tukaipakia kwenye gari lake saa nane mchana. Njia nzima nilikuwa nimeikumbatia kwa mikono miwili kwa kuogopa mashimo. Bi Raya alitupokea ukumbini, amekonda, akadhani tumemletea kuuza.

"Bi Raya, nipe deki na kanda," nikamwambia. "Nisikusemeshe sana. Nipe tu."

Nikaunga waya uleule mmoja, kwenye tundu la antena. Picha ikaja nyeusi na nyeupe, ikacheza. Pembeni ya kioo zikatokea herufi ndogo, zikabadilika, zikabadilika tena. Na rangi ikaingia. Ikaingia yote kwa mara moja, kanzu, ukuta wa kijani, uso wa Nassor umejaa damu na uzima. Kamera iliyotumika ilikuwa ya mpango wa Kijapani, ndiyo maana televisheni ya zamani haikuiona rangi. Na kabla sijageuka kumwangalia mtu, spika ikasema:

"Shikamoo mama. Ni mie Nassor."

Bi Raya alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Jirani wa mlangoni akapiga kigelegele, kisha akajifunika mdomo ili asikie.

Nassor akaendelea. Mzima, kazi nzuri. Amepata mchumba, anaitwa Zuwena, watu wake asili yao Vitongoji, wako Maskati siku nyingi. Akainua kile kitambaa. Kilikuwa hariri ya manjano iliyopauka, inang'aa. "Hii n'mekununulia weye, mama, uvae siku ya arusi. Lakini siposi mpaka uridhie. N'letee neno lako." Akataja namba ya simu ya duka. Kisha akainamisha kichwa, pale ambapo watu walisema anaaga, akasema, "Ukinyamaza ntajua hukuridhia. Sitakuuliza mara ya pili, nsije nkakuudhi."

Tuliirudisha mara tatu. Wallahi, nilijiona nimemfufua mtu. Bwana Ramnik alikuwa anaiandika ile namba kwenye kiganja chake. Bi Raya akainuka, akavaa buibui, akasema, "N'pelekeni Chake kwenye simu. Sasa hivi." Televisheni ya watu wa Konde ikabaki Ole mpaka kesho yake, na mwenyewe alipoisikia habari hakulalamika.

Simu iliunganishwa baada ya kusubiri kidogo, na laini ilikuwa na kelele. Bi Raya aliishika ile simu kwa mikono miwili. "Nassor! Mie mamako! N'meridhia! Wasikia? N'meridhia, mwanangu, n'meridhia!" Watu waliokuwa kwenye foleni wakaanza kucheka na kupongeza, hata hawajui ameridhia nini. Mimi nilikuwa narukaruka.

Kisha akaanza kusikiliza. Alisikiliza muda mrefu. Akasema, "Haya, mwanangu. Haya. Kheri." Akairudisha simu mahali pake polepole.

Gari lilipotoka mjini ndipo aliposema. "Zuwena kashaolewa na mwengine. Wazee wake walingoja mpaka mfungo tatu, mwezi wa Hija, wakachoka. Kila msafiri akifika, Nassor amuuliza mama kasemaje, aambiwa mzigo umefika, twashukuru." Akatazama nje. "Kasema hakunilaumu."

Bwana Ramnik aliendesha bila kugeuka. Mimi ndiye niliyekuwa na la kusema, nikalisema lote, la megahezi na la vitundu vya nyuma ya deki na la kanda ambazo sikuzibeba. Nikamwambia hakuna aliyeifuta sauti bandarini, ni mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono, na hakuwa na hasira hata kidogo.

"Asya, mwanangu," akasema. "Siku ile ungen'ambia hujui. Ningempelekea fundi mwengine."

Nikasema, "Naam, Bi Raya." Tulifika Ole, nikamshikia mlango wa gari, akashuka.